Programu huru za bure kwa kazi za kila siku za kompyuta: anzia hapa, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. Office inaandika laiseni imeisha nifanyeje, nipeni linki ya crack (programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la laiseni) ya Photoshop, nawezaje kuunganisha PDF mbili ziwe moja, video inagoma kufunguka inadai kodeki (kile kinachoisoma video ili ichezeke), nimetumiwa faili ya rar sina cha kuifungulia. Nimeona niyaweke yote sehemu moja, mtu akiuliza apewe hii asome. Kama we ni mgeni kabisa soma kwa mpangilio usiruke, hasa hatua ya kwanza na ya tatu, maana huko ndo watu wanapoumia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kazi ambazo watu wengi tunafanya, barua, ripoti, mahesabu, PDF, picha, sauti, video, hakuna haja ya crack hata moja, programu huru zipo na zinatosha. Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni namna wanavyohama, mtu anafuta kila kitu kwa siku moja, kesho yake anapata kazi ya haraka, hajui kitufe kiko wapi, anapaniki, anarudi kwenye crack na kuanza kusema vya bure havifai. Kwahiyo hapa tunahama kidogo kidogo: faili zako kwanza, programu baadaye.

Nadharia ni hii tu. Programu huru ni ile ambayo laiseni yake inakuruhusu uitumie kwa kazi yoyote, usome kodi yake (code, yani maandishi ya ndani yanayoiendesha), uibadilishe na umgawie mwenzio. Kuwa ya bure peke yake haitoshi, ziko za bure ambazo kodi imefungwa na mwenye nayo akiamua kesho uanze kulipa utalipa. Mwaka 2010 watengenezaji wengi wa OpenOffice.org, programu huru ya kazi za ofisi, hawakuridhika na mambo yalivyokuwa yanaenda baada ya Oracle kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa na mradi huo, wakachukua kodi ileile wakaanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation, na watumiaji wakaendelea na kazi zao. Kwa programu iliyofungwa hilo halifanyiki.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, au Mac, au Linux. Kama bado uko Windows 7 au 8 jua kwamba LibreOffice kuanzia toleo 25.8 haikubali tena huko, itabidi uchukue toleo la nyuma au usome hatua ya mwisho.
- RAM ya GB 4 inatosha kwa nyingi ya hizi, ila ukitaka kuediti picha kubwa au kurekodi skrini GB 8 ndo utakuwa na amani.
- Nafasi kwenye diski, tenga hata GB 5.
- Bando la kutosha, LibreOffice peke yake inazidi MB 300.
- Flashi au hadidiski ya nje kwa ajili ya bakapu. Hii ni lazima.
- Paswedi ya admin ya hiyo kompyuta. Kama ni ya ofisini ongea na mtu wa IT kwanza, usianze kuinstoli vitu kimyakimya.
- Karatasi na kalamu, utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: bakapu

Chomeka flashi, kopi Documents, Desktop, Pictures na Downloads zote. Halafu, na hapa wengi wanaruka, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye flashi yenyewe uone kama zinafunguka kweli. Faili kuonekana jina lake haimaanishi imekopika yote. Ukimaliza chomoa flashi weka pembeni, isikae imechomekwa wakati unaendelea na hatua nyingine, kwa sababu kama kompyuta ina vairasi (na kompyuta yenye crack uwezekano huo upo mkubwa tu) unaiambukiza na bakapu.

Hatua ya 2: andika unafanya nini, usiandike unatumia programu gani

Chukua ile karatasi. Usiandike "Word, Excel, Photoshop". Andika "naandika barua za maombi, natengeneza jedwali la michango, napunguza ukubwa wa picha ili zikubali kwenye fomu za mtandaoni". Ukiandika hivyo unagundua Photoshop nzima ulikuwa unaitumia kukata picha na kuipunguza, basi.

Kisha linganisha:

- Kuandika, mahesabu, slaidi: LibreOffice
- Muziki na video: VLC
- Kufungua zip, rar na wenzake: 7-Zip, hii ni ya Windows
- Kuunganisha na kugawa PDF: PDFsam Basic
- Picha: GIMP, na kama ni nembo au bango la kuchora Inkscape
- Kurekodi na kusafisha sauti: Audacity
- Kurekodi skrini: OBS Studio
- Kupunguza ukubwa wa video: HandBrake
- Kuskani makaratasi: NAPS2
- Kutunza paswedi: KeePassXC
- Brauza: Firefox, pamoja na ekstensheni ya uBlock Origin, ya kuzuia matangazo
- Barua pepe: Thunderbird

Usiziinstoli zote. Chagua zile tu ambazo kazi yake umeiandika kwenye karatasi.

Hatua ya 3: danlodi kutoka kwa mwenyewe

Hapa naomba utulie. Programu huru yenyewe ni salama ila watu wabaya wanatengeneza saiti za kufanana, wanalipia tangazo, ukisachi "download vlc" linki ya juu kabisa inaweza ikawa sio ya VLC. Ukiingia huko unapewa faili yenye programu uliyotaka pamoja na mizigo mingine ambayo hukuiomba.

Andika anwani mwenyewe kwa mkono juu kwenye brauza:

- libreoffice.org
- videolan.org kwa ajili ya VLC
- 7-zip.org, angalia hicho kistari na mwisho ni org
- pdfsam.org
- gimp.org
- audacityteam.org
- obsproject.com
- handbrake.fr
- keepassxc.org

Kama uko Windows 10 au 11 iliyoapdetiwa kuna njia naipenda zaidi, winget, amri ya Windows ya kuinstoli programu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, halafu piga hizi moja moja:

winget install -e --id TheDocumentFoundation.LibreOffice
winget install -e --id VideoLAN.VLC
winget install -e --id 7zip.7zip

Inakudanlodia na kukuinstolia yenyewe, na inahakiki kwamba faili iliyoshuka ndo ileile iliyosajiliwa. Walio Linux wao wanatumia duka la programu la distro yao (aina ya Linux wanayotumia), mambo yameisha.

Makosa ya hapa: kubonyeza kitufe kikubwa cha kijani cha Download ambacho kumbe ni tangazo. Kuchukua toleo la ARM wakati kompyuta ni ya Intel au AMD, angalia Settings, System, About, kwenye System type, ukiona x64 chukua x64. Kukubali faili ya instola uliyotumiwa na mtu kwenye grupu eti kukusaidia bando, hapana, hata kama mtu mwenyewe unamwamini hujui na yeye kaitoa wapi. Na kosa kubwa kuliko yote, kuzima antivairasi kwa sababu maelekezo yamesema uzime. Hakuna programu hata moja kwenye orodha hii inayokutaka uzime antivairasi, ukiambiwa hivyo ujue sio yenyewe.

Hatua ya 4: LibreOffice, hapa tutakaa

Wakati wa kuinstoli usibofye Next Next tu, chagua Custom. Humo kuna Optional Components, ndani yake Dictionaries, hakikisha Kiswahili kimechaguliwa. Watu wengi hawajui kwamba kamusi ya tahajia ya Kiswahili ipo, wanaandika ukurasa mzima wenye mistari myekundu chini ya kila neno. Ukishafungua Writer, ile ya kuandikia ndani ya LibreOffice, nenda Tools, Language, For All Text, More, chagua Swahili Tanzania. Ile mistari inapungua na itakayobaki mingi ni makosa ya kweli.

Sasa mipangilio, ifanye siku ya kwanza kabla hujaandika chochote:

a) Nenda Tools, Options, Load/Save, General. Chini kuna Document type, weka Text document, halafu Always save as chagua Word 2010-365. Rudia kwa Spreadsheet uweke Excel 2010-365 na kwa Presentation uweke PowerPoint 2010-365. Hii ni kwa wale wanaobadilishana faili na watu wenye Microsoft Office. Kama faili ni zako mwenyewe hazitoki nje acha kwenye ODF, yani odt na ods, maana hiyo ndo lugha ya nyumbani ya LibreOffice na haipotezi kitu ukisevu.

b) Hapohapo juu kuna AutoRecovery, inakuja ikiwa dakika 10, mi nashauri weka 3 kama umeme wako au betri haiaminiki. Tiki pia Always create backup copy.

c) Kama umezoea muonekano wa tabo za Word nenda View, User Interface, chagua Tabbed. Watu wanalalamika LibreOffice ina sura ya zamani kumbe ni mpangilio mmoja tu.

d) Angalia saizi ya karatasi. Nenda Format, Page Style, kama imeandika Letter weka A4. Ukiacha Letter halafu ukaprinti kwenye A4 mistari ya mwisho inakatika au inahamia ukurasa mwingine na utaishia kuilaumu printa.

Kuhusu fonti, hili ndo chanzo cha karibu kila lalamiko la "dokumenti imevurugika". Calibri na Cambria ni za Microsoft, LibreOffice inakuja na Carlito na Caladea ambazo herufi zake zina upana uleule, kwahiyo dokumenti ya Calibri inakaa vizuri bila wewe kufanya kitu. Tatizo ni Aptos, fonti ambayo Office mpya inaanza nayo siku hizi, hiyo haina mbadala wa upana sawa ndani ya LibreOffice, ndo unakuta barua ya ukurasa mmoja imekuwa kurasa mbili. Dawa: mwambie mwenzio atumie fonti mnayoipata wote, au wewe ukiwa unatuma nenda File, Properties, Font, tiki Embed fonts in document.

Na kama unayemtumia anasoma tu haediti, usimtumie docx kabisa. Tuma PDF. File, Export As, Export as PDF. Kwenye dirisha linalokuja kuna kitu kinaitwa Hybrid PDF, ukiitiki, ndani ya ile PDF inawekwa na faili ya ODF. Mwenzio anaona PDF ya kawaida, wewe ukiifungua na LibreOffice unaediti kama dokumenti. Kwa CV hii ni nzuri sana, unatunza faili moja badala ya mbili.

Wa Excel nawaambia ukweli. Fomula za kawaida, SUM, IF, VLOOKUP, pivot table, chati, Calc, ile ya mahesabu ndani ya LibreOffice, inafanya. Ila kama kazi yako inategemea makro nzito za VBA (programu ndogo za kuendesha kazi zenyewe ndani ya Excel) zilizoandikwa na mtu mwingine, zijaribu moja moja kabla hujahama kwa sababu baadhi zitafanya na baadhi hazitafanya, na faili ya mishahara sio mahali pa kugundulia hilo.

Hatua ya 5: VLC na 7-Zip, dakika chache tu

VLC ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na kodeki zake zinakuja ndani yake, ndo maana haikuulizi kodeki. Instoli, bofya kulia kwenye video yoyote, Open with, chagua VLC, tiki Always. Maandishi ya tafsiri ya filamu yakichelewa au kuwahi bonyeza G au H, kila ukibonyeza yanasogea milisekunde 50. Sauti ikiwa haiendani na mdomo tumia J na K. Faili ya srt, yani ya hayo maandishi ya tafsiri, ipe jina lilelile la video uiweke folda moja nayo, itaingia yenyewe.

7-Zip imetengenezwa na Igor Pavlov tangu 1999. Bofya kulia kwenye faili, kama ni Windows 11 huenda ukabonyeza kwanza Show more options, kisha 7-Zip, Extract to. Inafungua rar lakini haitengenezi rar, ukitaka kumtumia mtu tengeneza zip. Ukitaka kufunga kwa paswedi chagua muundo wa 7z na utiki Encrypt file names, bila hiyo tiki mtu hawezi kufungua lakini majina ya faili anayasoma yote, na wakati mwingine jina lenyewe ndo siri.

Hatua ya 6: PDF

PDFsam, chukua ile inayoitwa Basic, hiyo ndo huru, nyingine za familia hiyo ni za kulipia. Ukifungua kuna Merge, Split, Extract, Rotate. Buruta faili zako, zipange, Run. Kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, na hii ndo sababu kubwa ya kuitumia. Watu wanapandisha nakala za vitambulisho, mikataba na vyeti kwenye saiti za kuunganisha PDF bila kujua zinabaki kwa nani. Acha hiyo tabia leo.

Kubadilisha neno moja kwenye PDF, jaribu LibreOffice Draw, inafungua PDF na unaweza kugusa maandishi. Kwa PDF nyepesi inafaa, kwa PDF ndefu yenye mapambo itavuruga, hapo tafuta faili ya asili.

PDF iliyoskaniwa ni picha, ndo maana huwezi kukopi maandishi. Tumia NAPS2, washa OCR (kusoma herufi kwenye picha na kuzigeuza maandishi), chagua lugha ya Kiswahili, inadanlodi data ya lugha hiyo halafu inakutolea PDF ambayo unaweza kusachi na kukopi. Skani kwa dpi 300, chini ya hapo inaanza kukosea herufi.

Hatua ya 7: picha kwa GIMP

Nitaelezea kazi moja inayoulizwa kuliko zote, kupunguza picha ili ikubali kwenye fomu.

1. File, Open, chagua picha.
2. Bonyeza Shift na C, chora eneo unalotaka kubaki nalo, bonyeza Enter.
3. Image, Scale Image. Weka upana, mfano 600, hakikisha ule mnyororo katikati ya upana na urefu umefungwa, ukiwa wazi sura inavutika.
4. File, Export As. Andika jina likiishia na .jpg. Kwenye Quality weka 80, tiki Show preview uone itakuwa KB ngapi kabla hujakubali.

Kosa la kila mgeni: anabonyeza Save, anapata faili ya xcf, anaituma, anaambiwa haifunguki. Save ni kwa ajili ya kazi unayoendelea nayo pamoja na leya zake (matabaka ya picha), Export ndo inatoa picha ya kutuma. Na usieksipoti juu ya picha ya asili, ipe jina jipya.

Hatua ya 8: paswedi, KeePassXC

Kama utafanya hatua moja tu ya ziada kwenye mwongozo huu basi iwe hii. Paswedi moja kwenye akaunti zote maana yake saiti moja ikivuja umevuja kote.

1. Fungua KeePassXC, tengeneza database mpya, ipe jina.
2. Paswedi kuu iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, ambayo hujawahi kuyatumia popote. Iandike kwenye karatasi, ifiche mahali pa uhakika mpaka iingie kichwani.
3. Anza na akaunti ya barua pepe, maana ndo inayoresetia nyingine zote. Bonyeza alama ya dadu, ikupe paswedi ndefu, nenda ukabadilishe kwenye akaunti yenyewe.
4. Nyingine badilisha kila unapoingia, sio lazima siku moja.
5. Kopi ile faili ya database, inayoishia na kdbx, kwenye flashi ya bakapu kila baada ya kuongeza vitu muhimu.

Kwenye simu ya Android KeePassDX inafungua faili hiyohiyo. Onyo: ukisahau paswedi kuu hakuna wa kumpigia simu wala kitufe cha kusahau paswedi, imetengenezwa hivyo makusudi. Ndo kazi ya ile karatasi.

Ila kama kompyuta yako ina crack, fanya kwanza hatua ya 9 ndipo urudi hapa. Ukibadilisha paswedi kwenye kompyuta yenye kitu kinachoiba paswedi umempelekea mwizi paswedi mpya.

Hatua ya 9: toa crack

Fanya hii baada ya kutumia LibreOffice na wenzake wiki kama mbili na kuona kazi zinaenda.

1. Settings, Apps, futa programu zenye crack na aktiveta zake zote (programu za kudanganya laiseni).
2. Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Wengi wanashangaa hapa. Crack nyingi zinakuelekeza uweke folda humo ili antivairasi isiiangalie, na hata ukifuta programu ile ruhusa inabaki. Toa kila kitu ambacho hukukiweka mwenyewe kwa sababu unayoijua.
3. Rudi nyuma, Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka ikiskani.
4. Ikipata kitu rudia Full scan. Ikiendelea kupata vitu, usipoteze muda, instoli Windows upya, bakapu unayo.
5. Sasa ndo ukabadilishe paswedi.

Hatua ya 10: apdeti

Programu huru inarekebishwa hadharani, ikimaanisha tundu likishazibwa kila mtu anajua lilikuwa wapi. Ukibaki na toleo la zamani unabaki na tundu linalojulikana. 7-Zip haijiapdeti yenyewe, watu wanakaa na toleo moja miaka. Mara moja kwa mwezi fungua cmd piga winget upgrade --all.

Hatua ya 11, kwa wenye kompyuta za zamani

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako haikubali Windows 11, jaribu Linux Mint, mfumo huru wa kompyuta badala ya Windows. Danlodi faili yake ya iso, iweke kwenye flashi tupu kwa kutumia Rufus, washa kompyuta kupitia flashi, utaiona ikifanya kazi bila kugusa diski yako. Angalia Wi-Fi, sauti, printa. Vikifanya kazi ndo ufikirie kuinstoli. Kumbuka Rufus inafuta kila kitu kwenye flashi, kwahiyo isiwe ile ya bakapu. Karibu programu zote humu zipo huko pia, na ukishazizoea kwenye Windows kuhamia Linux kunakuwa kwepesi sana.

Ikigoma

*Windows inasema "Windows protected your PC".* Inatokea kwa programu ambazo Windows haijaziona sana. Kama umeitoa kwenye anwani ya hatua ya 3, bonyeza More info halafu Run anyway. Kama huna uhakika umeitoa wapi, futa, danlodi upya.

*LibreOffice inafunguka na kujifunga.* Help, Restart in Safe Mode, kisha Continue in Safe Mode. Ikitulia humo shida ni profaili, rudi tena safe mode uchague Reset to factory settings. Dokumenti zako haziguswi, mipangilio tu ndo inarudi mwanzo. Kama haifunguki hata kufika kwenye Help, itafute Safe Mode kwenye menyu ya Start.

*LibreOffice nzito.* Tools, Options, LibreOffice, Advanced, ondoa tiki kwenye Java. Base, ile ya database ndani ya LibreOffice, ina vitu vinavyoihitaji, wengine wengi hamtaona tofauti.

*Nimefungua CSV kwenye Calc vyote vimejazana safu moja, au namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo.* Lile dirisha linalokuja wakati wa kufungua usilipite haraka. Chagua kitenganishi sahihi, koma au semikoloni, halafu bofya kichwa cha safu ya namba za simu uweke Column type iwe Text. Sifuri ikishapotea na ukasevu hairudi, kwahiyo fungua upya faili ya asili.

*VLC video inakatakata au ina rangi za ajabu.* Tools, Preferences, Input/Codecs, Hardware-accelerated decoding weka Disable, funga VLC ufungue tena.

*GIMP brashi haichori.* Mara nyingi kuna eneo limechaguliwa bila wewe kujua. Bonyeza Ctrl, Shift na A. Ikigoma bado angalia leya gani imewashwa.

*GIMP madirisha ya vifaa yamepotea.* Bonyeza Tab. Uliibonyeza bahati mbaya.

*OBS inarekodi skrini nyeusi.* Kwenye laptop zenye kadi mbili za grafiki nenda Settings za Windows, System, Display, Graphics, ongeza OBS, ukitumia Display Capture mpe Power saving. Na rekodi kwa mkv, sio mp4 ya kawaida, kompyuta ikizima ghafla mkv inapona mp4 inaharibika. Baadae unaigeuza kwa File, Remux Recordings.

*Audacity sauti ina mvumo wa feni.* Chagua sekunde mbili ambazo hakuna anayeongea, Effect, Noise Removal and Repair, Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Kisha Ctrl na A, rudi palepale, bonyeza OK. Usiongeze sana, sauti itakuwa kama inatoka ndani ya maji.

*Nimefuta faili kabisa na bakapu sina.* Acha kutumia hiyo diski sekunde hii, kila unachosevu kinaweza kukaa juu ya faili unayoitafuta. Danlodi PhotoRec kwa kutumia kompyuta nyingine, ni huru nayo, inapatikana cgsecurity.org pamoja na TestDisk. Iendeshe kutoka kwenye flashi na faili zitakazopatikana zielekeze kwenye diski tofauti. Majina ya faili mara nyingi yatakuwa yamepotea na utazifungua moja moja kuzitambua. Kwenye SSD (diski za kisasa zisizozunguka) nafasi ni ndogo zaidi, kwa sababu SSD nyingi zinasafisha zenyewe sehemu iliyofutwa muda mfupi baada ya kufuta.